Uchambuzi wa kisa: shabiki wa ugenini, kamba ya hatua mbili na mechi ya wavu iliyokatishwa na giza

Kabla hujasoma

Majina ya vyuo, mji na watu nimeyatoa yote, na vitu vidogo viwili vitatu nimevigeuza makusudi ili hata aliyekuwepo siku ile asimnyooshee mtu kidole. Wenyeji nitawaita Juu, wageni nitawaita Bondeni, na shabiki ambaye kisa chote nimekitazama kupitia macho yake nitamwita Dada K. Habari nimezipata kwake mwenyewe, kwa binti mmoja aliyekuwa kamati ya michezo ya Juu na kwa mshika kibendera mmoja. Pale wanapopishana nitasema. Nawaandikia hasa walimu wa michezo na wale mawaziri wa michezo wa serikali za wanachuo ambao kila mwaka wanaachiwa ofisi bila hata karatasi moja ya maelezo kutoka kwa aliyetangulia.

Usuli

Vyuo vyote viwili ni vya ualimu, kutoka kimoja hadi kingine ni saa moja na ushee kwa Coaster kama mvua haijaharibu barabara. Kwenye UMISAVUTA, yaani michezo ya vyuo vya ualimu Tanzania, wanakutana, lakini mechi yenyewe hasa, ile ambayo watu wanaanza kutambiana wiki mbili kabla, ni ya bonanza lao wenyewe ambalo wanapokezana kuliandaa. Mpira wa miguu upo, netiboli ipo, ila moto uko kwenye wavu, tena wavu wa wasichana.

Kitu ambacho mtu wa nje haelewi ni kwamba huu upinzani hauishi ukihitimu. Ukimaliza unapangiwa kituo, unajikuta shule moja na mtu wa chuo kile, mnakaa ofisi moja ya walimu miaka nane mnasahihisha madaftari meza moja, na kila bonanza likikaribia anakukumbusha seti flani ya mwaka flani ambayo wewe hata hukuwepo. Ndio maana wahitimu wanarudi, tena wanarudi na familia. Dada K ni mwalimu wa shule ya msingi, alisoma Bondeni, na siku hiyo alikuja na binti yake wa darasa la tatu pamoja na wahitimu wenzake waliochangishana nauli ya Coaster.

Uwanja wa Juu uko nje, udongo umeshindiliwa vizuri, mistari ya chokaa, nguzo za bomba la chuma, taa hakuna. Upande mmoja kuna ukuta wa bwalo, upande wa pili kuna tuta lenye nyasi linalopanda taratibu, yaani jukwaa ambalo Mungu amewajengea bure. Ncha zote mbili ziko wazi. Kiingilio kilikuwa buku kwa mwanachuo, buku mbili kwa mtu wa nje, watoto bure. Kwa vishina vya tiketi watu walikuwa mia sita hivi, na hapo hujawahesabu walioruka michongoma.

Kamati ilivyopanga, na kwa nini

Nataka tukae kidogo hapa kwa sababu karibu kila kilichokuja kuharibika jioni kilikuwa kimeshaamuliwa asubuhi, na kiliamuliwa na watu wenye nia nzuri kabisa.

Uamuzi wa kwanza ni ratiba. Wavulana saa nane mchana, wasichana saa kumi. Sababu waliyotoa ni kwamba mechi kubwa inawekwa mwisho ili watu wasiondoke, na kimsingi hapo hawajakosea, ndivyo mechi zinavyopangwa kote. Tatizo ni kwamba wavu haukai ndani ya dakika 90. Mechi ni mshindi wa seti tatu kati ya tano, seti inaenda mpaka 25 na lazima upishane kwa pointi mbili, ya tano inaishia 15, kati ya seti na seti ni dakika tatu. Inaweza kuisha kwa saa moja na kitu, inaweza kukukalisha masaa mawili na zaidi, na hakuna mtu wa kukwambia mapema. Ukiweka mechi mbili za namna hiyo mfululizo kwenye uwanja usio na taa umeshacheza bahati nasibu na jua.

Uamuzi wa pili ni mahema. Wageni waalikwa walihitaji kivuli, kwa hiyo mahema mawili yakasimamishwa wapi? Juu ya tuta, katikati kabisa, viti vya plastiki vimepangwa mistari. Tuta zima likawa limekufa, maana ukikaa nyuma ya hema unaona turubai, ukikaa pembeni yake unaona nusu uwanja. Watu zaidi ya mia ambao wangekaa pale kwa starehe wakateremka chini kusimama kando ya mistari.

Uamuzi wa tatu ndio mama wa yote: kamba. Waziri wa michezo aliifunga hatua mbili tu kutoka kwenye mstari, pande zote nne. Binti wa kamati aliniambia sababu na mimi namwamini. Mwaka uliotangulia kamba ilikuwa mbali, watu wa nyuma hawakuona, wakasukuma, kamba ikakatika. Safari hii akasema isogezwe karibu ili watu waone vizuri wasisukume. Huruma tupu. Lakini kanuni za mchezo zinataka angalau mita tatu za wazi kuuzunguka uwanja pande zote (kwenye mashindano makubwa ya kimataifa wanaenda mita tano pembeni na sita na nusu nyuma), na zile mita sio za urembo, ni sehemu ya uwanja. Mpira wa wavu ukitoka nje ya mstari ukiwa bado hewani haujafa, mchezaji ana haki ya kuufuata mpaka kwenye viti na kuurudisha. Na anayesevu, yaani anayeanzisha mpira, anasimama hukohuko nyuma, wengine wanahitaji hatua nne tano za kukimbilia kabla ya kuruka. Ukiwapa watu ile nafasi umewapa uwanja wenyewe.

Wa nne ulikuwa mdogo lakini ukawauma Bondeni. Mashabiki wageni walipangiwa nyuma ya mstari wa mwisho, ncha ya kaskazini, kwa sababu mabenchi ya pembeni ukutani yalishajaa wenyeji walipofika.

Ilivyotokea

Basi la timu ya Bondeni lilichelewa, likaingia saa tisa kasoro. Mechi ya wavulana ikaanza saa tisa na robo na kwa bahati mbaya ikawa tamu, ikaenda seti zote tano. Wasichana waliingia uwanjani saa kumi na moja na dakika kama tano. Mshika kibendera ananiambia refa aliangalia saa, akaangalia jua, akapuliza tu.

Dada K alikuwa amefika mapema na Coaster yao ilitangulia basi, akalipa buku mbili yake, akatafuta benchi akaambiwa haya ya wenyeji, akaenda kwenye tuta akakuta mahema, mwishowe akaishia ncha ya kaskazini na wenzake, yeye mbele kabisa kwa sababu ya mtoto. Kutoka alipokuwa angeweza kunyoosha mkono akamgusa msevu mgongoni. Anasema seti ya kwanza alifurahi sana, hajawahi kuona mchezo kwa ukaribu ule, mkono unavyolia kwenye mpira, jinsi libero, yule mchezaji wa kuokoa mipira nyuma, anavyoongea peke yake muda wote kama anasoma dua. Alafu kuna kijana akaja.

Kijana wa kamati, amevaa kizibao cha njano, akamwambia, "Dada shikamoo, naomba msogee nyuma kidogo, msevu hana nafasi."

"Marahaba mdogo wangu. Nikisogea naenda wapi?"

Kijana akaangalia nyuma yake, watu wamejaa mistari sita, akacheka, akaenda zake. Kizibao kilikuwepo, maneno mazuri yalikuwepo, ila mahali pa kuwapeleka watu hapakuwepo.

Kwenye wavu timu zinabadilishana upande kila seti, kwa hiyo kila timu ilipata zamu ya kusevu huku mashabiki wa mwenzake wanampigia vuvuzela sikioni. Msevu mkali wa Bondeni, yule wa kuruka, alipokuwa ncha ya kusini kwenye kundi la Juu alishindwa kabisa kupata hatua za kukimbilia akawa anasevu amesimama, na ukishapewa filimbi una sekunde nane tu, huwezi kukaa unabembeleza watu wapishe. Hakuna aliyelalamika kwa maandishi wala kwa mdomo. Seti zikaenda 25-21 Bondeni, 25-19 Juu, 25-22 Bondeni.

Seti ya nne. Bondeni wako ncha ya kaskazini, nyuma yao ni watu wao wenyewe. Wanaongoza 23-22, pointi mbili wamalize. Juu wanapiga smash ya nguvu, libero wa Bondeni anaigusa kwa mkono mmoja mpira unaruka juu nyuma yake, anageuka anaukimbilia, na pale ambapo mpira unashukia amesimama kijana wa Bondeni mwenyewe, mpiga ngoma, ngoma imemning'inia shingoni. Hana pa kukwepea. Libero anamgonga, wote wawili chini, mpira unadunda pembeni ya mguu wa Dada K.

Refa akapuliza, mkono ukaenda kwa Juu. 23-23. Wenyeji wakalipuka.

Kapteni wa Bondeni akasogea kuomba ufafanuzi, ambayo ni haki yake na ni yeye peke yake aliyeruhusiwa. Refa akamwita mwenzake wa chini na washika vibendera, wakaongea, akapuliza tena: mpira urudiwe, matokeo yabaki 23-22. Kanuni iko wazi, kitu cha nje kikiingilia mchezo unasimamishwa na ule mpira unachezwa upya.

Sasa jiweke kwenye viatu vya shabiki wa Juu. Ameona kwa macho yake shabiki wa Bondeni kamzuia mchezaji wa Bondeni, alafu Bondeni ndio wanaokolewa. Hakuna mtu aliyemweleza kitu. MC alikuwa na spika mbili kubwa na maiki, na alichofanya akidhani anatuliza ni kuongeza sauti ya singeli, kwa hiyo refa akawa anaongea pale juu ya ngazi midomo tu inacheza. Alafu MC akapunguza muziki akatupia na utani, maana wavu ni wachezaji sita kila upande: "Bondeni leo wamekuja na mchezaji wa saba!" Wenyeji wakacheka kwa hasira, wageni wakakasirika, yule mpiga ngoma ambaye bado alikuwa anapangusa vumbi akaanza kutafuta nani kamtukana. Kamba ya upande wa bwalo ikaanguka kwanza.

Mechi ikasimama kama robo saa. Watu walisukumana, chupa za maji zilirushwa, kibao cha kubadilishia namba kikavunjika mguu. Aliyeumia ni mwanachuo mmoja aliyeteguka kifundo. Hapa wasimulizi wangu wanapishana: binti wa kamati anasema waliovuka kamba walikuwa kumi na kitu, Dada K anasema ni upande mzima. Yawezekana wote wako sahihi, inategemea mtu alikuwa anatazama kutokea wapi.

Alichoamua Dada K

Watu wengi wa ncha ya kaskazini walikimbilia getini. Yeye alimshika mtoto mkono akaenda upande wa pili, kwenye meza ya mwandishi wa pointi. Nilimuuliza kwa nini, akasema geti lenyewe ni la kupita mtu mmoja mmoja, alilipita mchana akaliona, na pale mezani walikuwepo walimu wawili, mlinzi wa chuo na sanduku la huduma ya kwanza, "na mtu hata awe amelewa vipi hawezi kupigana mbele ya mkuu wa chuo." Akamkalisha mtoto chini ya meza.

Mambo yalipotulia kidogo akarudi kaskazini. Na hapa ndipo nilipoamua kwamba kisa hiki kinafaa kuandikwa. Kamati ilikuwa inawasukuma watu nyuma kwa mikono na hakuna anayerudi, kwa sababu kila mtu anaamini akirudi hatua moja mwenzake ataichukua. Dada K alifungua kanga, ile moja ya doti aliyokuwa amejifunga kwa ajili ya vumbi, akapima kwa hatua kutoka mstarini, akaitandika chini kwa urefu, akakaa juu yake. Akawaambia wanawake wenzake waliotoka naye kwenye Coaster, njooni mkae. Watatu wakakaa. Alafu wa nyuma yao wakachuchumaa kwa sababu sasa walikuwa wanaona bila kusukuma. Mpaka refa anapuliza kuendelea, ncha ile ya kaskazini ilikuwa na mistari mitatu ya watu waliokaa chini na hakuna mtu aliyekanyaga mbele ya kanga, maana wewe nani ukakanyage kanga ya mama wa watu amekaa?

Ncha ya kusini ilibaki na vijana wa vizibao wameshikana mikono. Ilihitaji vijana tisa.

Matokeo

Mpira ukarudiwa, Juu wakashinda huo na miwili iliyofuata, seti ikaisha 25-23, 2-2. Bondeni wanasema ile robo saa iliwapoza. Inawezekana. Juu wanasema walikuwa wanakuja juu tangu 18. Nayo inawezekana.

Ila seti ya tano haikuchezwa. Ilikuwa inakaribia saa moja, mshika kibendera ananiambia mstari alikuwa anauona lakini mpira ukienda juu ya kiwango cha neti unapotea kwenye miti. Kuna watu walileta wazo la kuwasha taa za pikipiki, bodaboda wanne wakajipanga kabisa, refa akakataa na nampongeza, mpira wa spidi ile ukiutazama huku taa inakupiga machoni unavunjwa pua. Mwalimu mmoja akapendekeza iwe droo. Wavu hauna droo.

Wakabaki na kanuni ya kusimama kwa mchezo. Ukisimama na kuendelea kabla ya masaa manne kuisha kwenye uwanja uleule, mnaanzia mlipoishia. Yakipita manne, mechi nzima inarudiwa toka sifuri. Bondeni hawakuwa na pa kulala. Kwa hiyo zile seti nne, jasho lote lile, zikafutwa, wakakubaliana marudiano wiki tatu baadae, safari hii Bondeni.

Coaster ya Dada K iliondoka na kelele kidogo getini ila bila jiwe. Mtoto alilala njiani.

Uchambuzi

Nianze na refa kwa sababu ndiye aliyetukanwa zaidi. Uamuzi wa kurudia mpira ulikuwa sahihi, na kanuni haiulizi kitu cha nje ni cha nani. Hoja ya wenyeji kwamba timu isifaidike na kosa la mashabiki wake ina mantiki yake, lakini ukiikubali leo kesho kila timu itapanda watu wake nyuma ya mpinzani wavae jezi za mpinzani. Ninapomlaumu ni kabla ya mechi. Kukagua uwanja na mazingira yake kabla ya kuanza ni kazi ya refa wa kwanza, na kamba ya hatua mbili inaonekana hata na mtu anayepita barabarani. Angesema sichezeshi mpaka kamba irudi nyuma, kamati ingenuna dakika ishirini, basi. Aliona jua linakimbia akaogopa kuongeza ucheleweshaji. Yaani ratiba mbovu ilimlazimisha akubali uwanja mbovu, na hivi vitu mara nyingi vinakuja vimeshikana hivyo.

Kuhusu ratiba, binti wa kamati aliniuliza kama ningekuwa mimi ningefanyaje. Wasichana kwanza. Na sio kwa hisani. Mechi yenye uzito mkubwa ichezwe kwenye mwanga wa uhakika, wavulana wakikatishwa na giza hakuna atakayelia sana. Kuna mwalimu alinipinga kwamba watu wakishaona wasichana wataondoka, wavulana watacheza peke yao. Sawa, lakini hapo umekiri mwenyewe watu wamekuja kuona nini. Kama kuna timu ya wavu ya Afrika Mashariki inayojulikana duniani ni Malkia Strikers, timu ya taifa ya wanawake ya Kenya, wameenda Olimpiki Sydney 2000, Athens 2004, Tokyo na Paris 2024, na bado bonanza zetu zinawapanga wasichana kama vile ni burudani ya kufungia sherehe.

Wapo watakaosema tatizo ni wingi wa watu au utovu wa nidhamu wa vijana wa siku hizi. Sikubali. Tarehe 30 Agosti 2023 kule Lincoln, Marekani, timu ya wasichana ya Chuo Kikuu cha Nebraska ilicheza na wenzao wa Omaha, jimbo moja, ndani ya uwanja wa mpira wa miguu wa Kimarekani, watu 92,003. Elfu tisini na mbili, wavu wa wasichana, wa chuo. Uwanja wa wavu waliutandika katikati ya ule mkubwa, majukwaa yako mbali na mstari, watu wamekaa na kila mtu anaona, na kuna skrini za kumwonyesha nini kimetokea. Sisemi tuna hela zao. Nasema vitu vitatu vilivyofanya kazi kule, yaani nafasi, kukaa, na kuelezwa, havihitaji hela zao. Juu walikuwa na tuta la nyasi, kamba na maiki. Walikuwa navyo vyote.

Maiki hasa. Ukimuuliza Dada K nini kilimtisha zaidi hasemi chupa wala kusukumana, anasema ni zile dakika za mwanzo ambapo hakuna aliyejua pointi ni ya nani. Kwenye wavu kila mpira ni pointi, kwa hiyo mtu akikaa dakika mbili bila kujua matokeo anajaza mwenyewe, na atajaza lile baya. Sentensi moja ingetosha: "Refa amesema mpira unarudiwa kwa sababu mchezaji amezuiwa na mtu aliyesimama ndani ya eneo la mchezo, ubao bado 23-22 Bondeni." MC hakuwa mtu mbaya, ni DJ wa sherehe, hajui kanuni, na hakuna aliyemwekea karibu mtu anayezijua.

Kwa upande wa Dada K mwenyewe, kukimbilia mezani badala ya getini ni akili ambayo ningependa kila mzazi awe nayo, ukifika sehemu yenye watu angalia geti lina upana gani na watu wazima wenye mamlaka wamekaa wapi. Kumweka mtoto mbele kabisa nyuma ya msevu, hapana. Anasema hakukuwa na pengine na ni kweli, lakini mpira unaoguswa kwa pembeni ya mkono unaruka nyuma kwa kasi ambayo mtoto wa darasa la tatu hawezi kuikwepa, bora angemkalisha pembeni ya hema aone nusu uwanja.

Na ile kanga. Nimewahi kusikia watu wakisema walinzi wangeongezwa. Ncha moja vijana tisa, ncha nyingine kanga moja na wanawake wanne, na ile ya kanga ndiyo ilikaa sawa mpaka mwisho. Iliwezekana kwa sababu aliyeomba ni mmoja wao, alianza kukaa yeye kabla hajamwambia mtu, na waliokaa walipata faida hapohapo ya kuona. Kijana wa kizibao cha njano alikuwa anaomba watu wapoteze nafasi bila kupata chochote.

Marudiano, kwa ufupi

Bondeni walijifunza nusu. Wasichana walianza, saa nane na nusu. Kamba ilipimwa kwa futi ya fundi, mita tatu pembeni na nne nyuma, mistari miwili ya mbele ilikalishwa chini kwenye mikeka, mashabiki waligawanywa kwa pande za urefu na nyuma ya msevu hakukaa mtu. MC aliwekewa mwalimu wa michezo pembeni. Juu walishinda 3-1, hakukuwa na ugomvi.

Lakini sio kwamba kila mtu alifurahi. Mpiga ngoma anasema ilikuwa kama kuangalia mechi kwenye TV. Dada K mwenyewe anakiri kwamba ile raha ya seti ya kwanza kule Juu, ya kusikia mkono wa msevu, hakuipata tena, na mimi naona ni malalamiko ya haki, kitu kimelipiwa hapo. Alafu uwanja wa Bondeni umelala mashariki magharibi, kwa hiyo kila timu iliyopokea ikitazama magharibi ilikuwa na jua la alasiri usoni, jambo ambalo kule Juu halikuwepo na ambalo hakuna kamba itakayolitibu.

Kiingilio nacho kikaleta maneno. Dada K alikwenda na kishina chake cha tiketi ya Juu, mechi ni ileile imerudiwa, akaambiwa getini hiyo ni ya Juu hapa ni Bondeni, akalipa buku mbili nyingine. Juu wanasema walishatumia makusanyo kwenye mahema na spika, Bondeni wanasema wao hawakupokea senti ya siku ile. Mpaka naandika wizara za michezo za wanachuo wa pande mbili bado zinaandikiana barua kuhusu hizo hela.